HERI KUJIKWAA KIDOLE: SOMO LA AMRI ZENYE "JI"

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili aliniomba niandike makala ya sarufi. Wenzangu wamepewa mashairi, hadithi na vitendawili, mimi nikapewa sarufi! Nilitaka kukataa. Halafu nikakumbuka kwamba kuna jambo moja la sarufi lililonitoa jasho mbele ya wazee. Nikasema, wacha nilieleze hapa ili mwenzangu asije akaaibika kama nilivyoaibika mimi.

Jambo lenyewe si kubwa. Ni herufi mbili tu: "ji".

KISA CHENYEWE

Dada yangu mkubwa anafanya kazi Mombasa. Huko akapata mchumba, kijana wa huko huko pwani. Likizo ya Aprili watu wa upande wa mchumba walifunga safari kuja kwetu kuzungumza mambo ya ntheo, kama desturi yetu sisi Wakamba inavyotaka. Walisafiri usiku kucha kwa basi, wakashukia makutano ya barabara ya Mombasa, kisha matatu ikawaleta Machakos mjini na baadaye kwetu, upande wa milima ya Iveti. Mama na shangazi walikuwa wamepika tangu alfajiri: pilau kwa heshima ya wageni, na muthokoi kwa heshima yetu wenyewe.

Wakati wa kula ulipokaribia, baba akasema, "Huyu ndiye mtu wa Chama cha Kiswahili. Yeye atawakaribisha wageni mezani. Kiswahili chetu sisi ni cha kuokota njiani." Kichwa kikanivimba. Nilipitisha maji ya kunawa, nikasimama wima kama niko kwenye mdahalo, nikasema kwa sauti:

"Waheshimiwa wageni wetu, chakula ki tayari. Tafadhali jisaidieni!"

Kimya. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa leso. Mwingine akatazama dirishani. Mzee mmoja aliyewaongoza wageni, mtu mpole wa kofia nyeupe, akaniangalia kwa huruma, akauliza:

"Hapa hapa, mwanangu?"

Lo! Wageni wote wakaangua kicheko. Watu wetu hawakuelewa. Baba alicheka pia ili asiachwe nyuma. Lakini dada alielewa, maana ameishi pwani. Aliinamisha uso, akatoka kwenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta anafuta machozi.

Kumbe kujisaidia ni kwenda haja! Nilikuwa nimewaamrisha wakwe, wazee kwa akina mama, waende haja pale pale penye sinia la pilau.

Yule mzee alinitoa aibu. Aliniita kando baada ya chakula, akasema, "Hukukosa sarufi, mwanangu. Umekosa neno. Siku nyingine sema: karibuni, jipakulieni." Mambo ya ntheo yaliendelea vizuri, lakini dada hakunisemesha wiki nzima, mpaka aliporudi kazini.

Maneno ya yule mzee hayakunitoka kichwani. Hukukosa sarufi. Niliporudi shuleni nikachukua daftari nikaichunguza sentensi yangu, na kweli, umbo lake lilikuwa sahihi kabisa. Basi nikajua kuna masomo mawili: kwanza, namna ya kuunda amri yenye "ji", pili, namna ya kujua amri hiyo inasema nini. Ukijua la kwanza bila la pili, utajikuta pale nilipokuwa mimi.

NI "JI" GANI TUNAYOIZUNGUMZIA?

Ndugu msomaji, "ji" katika Kiswahili ni nyingi, na watahini wanalijua hilo. Iko "ji" ya ukubwa, kama katika jitu. Iko "ji" ya mwishoni inayoonyesha mtendaji, kama katika msomaji na mwimbaji. Iko ambayo ni sehemu ya mzizi wenyewe, kama katika jibu na jitahidi. (Hatusemi "mama anamtahidi mtoto", kwa hiyo ukiiondoa "ji" katika jitahidi, hubaki na kitenzi.) Halafu iko hii yetu, "ji" ya kujirejelea: mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja.

Tazama:

Amina anamwosha mtoto. (Watu wawili: Amina na mtoto.)
Amina anajiosha. (Mtu mmoja: Amina ndiye anayeosha, na ndiye anayeoshwa.)

"Ji" imechukua nafasi ya "m", yaani nafasi ya yambwa, kabla tu ya mzizi wa kitenzi. Na uzuri wa "ji" ni kwamba haibadiliki: najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, mnajiosha, wanajiosha. Mtu awe mmoja au wawe elfu, "ji" ni ile ile.

Sisi tunaozungumza Kikamba nyumbani tunalo jambo hili hili, ila wengi hatujalitambua. Kufundisha ni kũmanyĩsya. Kujifunza ni kwĩmanyĩsya. Ile "ĩ" ndiyo "ji" yetu. Na mama anapokuambia "Ĩsũvĩe!" unapotoka asubuhi kuja shule, anakuambia ujihadhari, ujilinde. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba somo hili ni gumu. Umelinyonya ukiwa mtoto.

KANUNI NNE ZA KUAMRISHA

Kanuni ya kwanza: "a" ya mwisho hugeuka kuwa "e".

Amri ya kawaida ya mtu mmoja huishia kwa "a": soma, funga, osha, tayarisha. Lakini kitenzi kikibeba yambwa, ile "a" huwa "e": nifundishe, mwite, ifunge. Kwa kuwa "ji" imekaa katika kiti cha yambwa, nayo hudai "e":

tayarisha, lakini jitayarishe
funza, lakini jifunze
ficha, lakini jifiche
tambulisha, lakini jitambulishe
kaza, lakini jikaze

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Katika daftari za insha utasoma "Jitayarisha haraka!" au "Jifunza kwa bidii!" Ni makosa. Hata kitenzi kifupi kama -pa hufuata kanuni hii: hatusemi "jipa moyo", tunasema jipe moyo.

Na matatu nazo hutufundisha. Msikilize kondakta: "Jibane hapo nyuma!" "Jishikilie!" Wenzetu mtaani nao husema "Jipange!" na "Jipe shughuli!" Hata asiyejua kanuni anaitamka "e" ile vizuri kabisa. Ajabu ni kwamba akishika kalamu ndipo anaisahau.

Kanuni ya pili: vitenzi visivyoishia kwa "a" havibadiliki.

Tunavyo vitenzi vingi vilivyotokana na Kiarabu ambavyo huishia kwa i, u au e. Hivyo hubaki kama vilivyo: jihadhari, jiamini, jiheshimu, jithamini, jisamehe. Usiandike "jiheshime" wala "jihadhare". Utaona kwamba hata vijana wanapookota neno la Kiingereza na kusema "jienjoi", wanaliacha na "i" yake. Sisemi uliandike neno hilo katika insha, mwalimu atalipigia mstari mwekundu! Nasema tu kwamba kanuni inafanya kazi hata mahali ambapo haikualikwa.

Kanuni ya tatu: watu wakiwa wengi, ongeza "ni".

jitayarishe, jitayarisheni
jipe moyo, jipeni moyo
jihadhari, jihadharini
jisamehe, jisameheni

Angalia, "e" haiondoki. Ni "jitayarisheni", si "jitayarishani".

Kanuni ya nne: ukikataza, tumia "usi" kwa mmoja na "msi" kwa wengi, na "ji" ikae pale pale kabla ya mzizi.

usijisumbue, msijisumbue
usijidanganye, msijidanganye
usijisifu, msijisifu

Hapa pia "e" hudaiwa. "Usijisumbua" si Kiswahili sanifu, hata kama umelisikia mara mia.

Kabla sijaondoka hapa, nina jambo dogo la tahajia. Mzizi ukianza kwa irabu, "ji" haipotezi "i" yake: jiandae, jiepushe, jioshe. Na mzizi ukianza kwa "i", basi ziandike "i" zote mbili: jiinue, jiite. Ukiandika "jinue" umeiba herufi.

"JI" MOJA HAIBEBI MZIGO WA MWINGINE

Katika Kiswahili kitenzi kina kiti kimoja tu cha yambwa. "Ji" ikishaketi, mwingine hana pa kukaa. Tunasema, "Kitabu hiki ni kizuri, jinunulie." Hatusemi "jikinunulie". Ukitaka kukitaja kitabu, kitaje nje ya kitenzi: "Jinunulie kitabu hiki."

Katika mfano huo umeona pia "ji" ikiandamana na kauli ya kutendea. Ushirikiano huu ni mtamu sana, maana huleta fikira ya kufanya jambo kwa faida yako mwenyewe, au kwa mikono yako mwenyewe: jisomee, jipikie, jichotee maji, jionee. Tofautisha: "Soma!" ni amri ya mwalimu darasani. "Jisomee!" ni ushauri: soma kwa wakati wako, kwa manufaa yako. Kwa hiyo usiku tunaposoma nyumbani sisi wa shule ya kutwa, mwenye stima kwa stima na mwenye taa kwa taa, hakuna anayetuambia "someni". Tunajisomea.

WENZETU WA MBALI WANASEMAJE?

Mwalimu aliniazima kitabu cha zamani cha kujifunzia Kihispania, lugha ya Hispania, ya nchi nyingi za Marekani ya Kusini na ya Kati, na hapa Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Nilikichukua kwa udadisi tu, lakini nilipofika sura ya amri nikashtuka. Nao wana "ji" yao! Tofauti ni kwamba yao inabadilika na inahamahama.

Wakimwambia rafiki "jioshe" husema lávate. Ile "te" ya mwisho ndiyo "ji". Wakimwambia mtu wa heshima husema lávese. Sasa "ji" yao ni "se". Wakiwaambia watu wengi, lávense. Wakisema "tujioshe", huwa lavémonos, na "ji" imekuwa "nos". Halafu wakikataza, ile "te" inaruka kutoka mwisho inakuja mbele: no te laves, yaani usijioshe.

Hebu linganisha na sisi: jioshe, jiosheni, tujioshe, usijioshe. "Ji" haijabadilika na haijahama. Nikajisemea, mwanafunzi wa Hispania akija Machakos kusoma Kiswahili, siku ya somo hili atapumzika.

Lakini wao wana jambo ambalo sisi hatuna. Kitenzi chao hubeba mizigo miwili: cómpratelo, yaani "jinunulie hicho", kwa neno moja. Kila ndege huruka na mbawa zake.

Jambo jingine nililojifunza kwao ndilo lililonifungua macho. Kwa Kihispania amka ni levántate, keti ni siéntate, oga ni báñate, lala ni acuéstate. Zote zina "te"! Kwetu hakuna hata moja yenye "ji". Hakuna anayesema "jiamke" au "jioge". Kwa nini? Kwa sababu kwetu maana ya kujitendea imo tayari ndani ya vitenzi amka, keti, oga, lala, nawa na vaa. Kwa hiyo huwezi kuchukua "ji" ya lugha moja ukaipachika tu kwenye lugha nyingine. Kila lugha huchagua mahali pa kuitia na mahali pa kuiacha. Na hapa ndipo tunaporudi kwenye aibu yangu.

MITEGO YA TAFSIRI

Mimi siku ile sikusema Kiswahili. Nilikuwa nimesema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Kichwani mwangu kulikuwa na "help yourselves", nikatafsiri neno kwa neno, nikatumbukia. Ifuatayo ni mitego niliyoikusanya. Nyingine nilizisikia kwa wenzangu, nyingine nilizifanya mwenyewe.

1. Jisaidie. Nimeshaeleza. Lakini tusiliharibie jina neno hili. Vipo vikundi vya kujisaidia, na hapo neno lina heshima zake zote, kwa kuwa kila mtu anaona linazungumzia juhudi za watu kujiinua. Ni mahali na wakati unaotia maana. Mezani usilitumie. Sema jipakulie, au sema tu karibu.

2. Jifungue. Kujifungua ni kuzaa mtoto. Usimwambie mtu aliyefungiwa chumbani "jifungue". Mwambie jifungulie mlango. Na ukitaka abaki ndani, mwambie jifungie. Ona silabi moja inavyoweza kumpeleka mtu hospitali ya uzazi!

3. Jifanye uko nyumbani. Haya ni maneno ya Kiingereza "make yourself at home". Lakini kujifanya kwa Kiswahili ni kuiga hali usiyo nayo: anajifanya mgonjwa, anajifanya hajui. Kwa hiyo umemwambia mgeni adanganye kwamba yuko kwao. Kiswahili husema: Karibu, hapa ni kwenu.

4. Osha wewe mwenyewe. Baadhi yetu hudhani "yourself" ni "mwenyewe". La hasha! Mwenyewe hutia mkazo tu. "Osha mwenyewe" maana yake ni usimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Labda ni sufuria zinazooshwa. Anayeoshwa huonyeshwa na "ji".

5. Jipendeni na pendaneni. Kiongozi mmoja wa wanafunzi alisimama kwenye gwaride akatuhutubia, "Wanafunzi, tujipende!" Alitaka kusema tupendane. Kujipenda ni kila mtu na nafsi yake; kupendana ni mimi kwako na wewe kwangu. Kihispania hutumia "se" kwa maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa mazungumzo. Sisi tumebahatika kuwa na njia mbili, tusizichanganye.

Hiki cha mwisho nakipa uzito. Wilaya yetu ya zamani ya Machakos imeandikwa vitabuni kwa ajili ya matuta yaliyochimbwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu jambo hilo, wakaonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikatunzwa vizuri kuliko mwanzo. Kazi nyingi ya matuta ilifanywa na vikundi vya mwethya, na wengi wa waliochimba walikuwa akina mama. Sasa nauliza, mwethya ni kujisaidia au kusaidiana? Ukiutazama mtaa mzima kama mtu mmoja, unajisaidia. Ukimtazama kila mama na jembe lake, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanasaidiana. Sarufi imekupa miwani miwili, wewe chagua ya kutazamia.

Na majirani zetu wa Tanzania walijenga siasa nzima juu ya "ji" hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihubiri ujamaa na kujitegemea. Ondoa "ji" hapo ubaki na kutegemea, na maana yote inapinduka! Kutegemea ni kumwegemea mwingine. Kujitegemea ni kusimama kwa miguu yako. Herufi mbili, nchi nzima.

HESHIMA NAYO NI SARUFI

Amri ni amri, na si kila mtu huamrishwa. "Jieleze!" akisema mwalimu wa zamu kwa aliyechelewa, ni sawa. Mwanafunzi akimwambia hivyo babu yake, ni utovu wa adabu. "Jiangalie!" ni onyo kali, karibu na vitisho.

Kwa wakubwa wetu tunalainisha. Tunaweka kiambishi cha nafsi mbele na kuifanya ombi: "Tafadhali mzee, ujipumzishe." "Naomba mjipakulie." Ukitaka kumwambia kila mtu bila kumnyooshea kidole, tumia "a": "Kila mwanafunzi ajiletee kikombe chake." "E" ya mwisho imebaki, "ji" imebaki, ila ukali umepungua.

ZOEZI

Ndugu msomaji, chukua karatasi ujipime. Usiangalie majibu kwanza, maana utakuwa unajidanganya.

(a) Sahihisha: Wanafunzi, jitayarisha kwa mtihani!
(b) Kanusha: Jisumbue.
(c) Andika kwa wingi: Jiheshimu.
(ch) Sahihisha: Chakula kitamu, jikipakulie.
(d) Eleza tofauti: Saidianeni. Jisaidieni.
(e) Methali husema "Kinyozi hajinyoi." Mwamrishe kinyozi mmoja ajinyoe. Kisha waamrishe vinyozi wengi.

TAMATI

Iko methali nyingine, dada ya hiyo ya kinyozi: Mganga hajigangi. Mimi mwanachama wa Chama cha Kiswahili, mwenye daftari mbili za sarufi, sikuliona kosa langu mpaka mgeni aliponionyesha. Kwa hiyo, wenzangu, sikudhani nikiandika makala haya nimekuwa mganga. Mkiona nimeteleza mahali, nisahihisheni bila kuogopa, nami nitajirudi.

Mwezi wa Desemba wageni wetu walikuja tena. Mama alipokuwa anapakua, baba alinitazama, kisha akamtazama dada, kama anayeuliza kama nipewe nafasi nyingine au nifungiwe jikoni. Dada akasema, "Mwacheni aseme." Nilipitisha maji. Nilisimama, safari hii bila kifua mbele. Nikasema, "Wazee wetu, mama zetu, karibuni. Chakula ki tayari. Tafadhalini, jipakulieni."

Yule mzee wa kofia nyeupe akatabasamu, akachukua sahani. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Leo tutakula." Watu wakacheka, na safari hii hata sisi tulielewa. Dada naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Wahenga walinena: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa siku tatu. Ulimi wangu ulichukua miezi minane. Basi jihadharini, jifunzeni, jisomeeni, wala msijidharau.

Majibu: (a) Wanafunzi, jitayarisheni kwa mtihani! (b) Usijisumbue. (c) Jiheshimuni. (ch) Chakula kitamu, jipakulie. (d) Saidianeni: kila mmoja amsaidie mwenzake. Jisaidieni: muulize dada yangu. (e) Jinyoe! Jinyoeni!